Kapteni Aliyekataa Kufyatua Risasi

Wiki mbili zilizopita, katika semina ya mwaka wa tatu kuhusu maadili ya utumishi wa umma, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Tulikuwa tukijadili wajibu wa mtumishi anayepewa amri ambayo dhamiri yake inaikataa. Nilikuwa nimetoa mifano ile ya kawaida ya vitabuni: ngazi za malalamiko, taratibu za nidhamu, barua ya kuomba ufafanuzi wa maandishi. Akanyoosha mkono akasema: "Mwalimu, tuseme amri imeshatolewa, na itatekelezwa hata wewe ukikataa. Sasa kukataa kwako kunamsaidia nani?" Darasa likanyamaza, kila mmoja akinitazama. Nikasema muda umekwisha, tutalirudia wiki ijayo.

Muda ulikuwa haujaisha. Nilikuwa na jibu, tena nimekaa nalo miaka mingi, ila lilitoka mahali ambapo wanafunzi wangu wasingepatarajia, nalo lilikuwa limefungamana na jambo langu binafsi ambalo sijapata kulisema hadharani. Leo nitajaribu kuyasema yote mawili.

Kizazi changu kiliifahamu Marekani kwa njia ya sinema za kauboi. Katika mji mdogo nilikokulia palikuwa na ukumbi mmoja wa video wenye mabenchi ya mbao na televisheni moja iliyowekwa juu ya kabati. Tuliingia kwa sarafu tulizozipata kwa kuchota maji. Filamu zilifanana: msafara wa magari ya kukokotwa na farasi, vumbi, Wahindi Wekundu wakitokea mlimani kwa mayowe, kisha tarumbeta inasikika na askari wapanda farasi wanafika kwa kasi, bendera ikipepea mbele yao. Hapo ukumbi mzima ulisimama na kushangilia. Tulipocheza uwanjani jioni hakuna aliyetaka kuwa Mhindi. Kazi hiyo walipewa watoto wadogo na wageni wa mtaa. Hatukujiuliza ile nchi walikuwa wakiishi nani kabla ya magari yale kufika. Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tulikuwa wajukuu wa watu walioporwa ardhi na wapanda farasi wa namna hiyo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni ughaibuni, nilikutana katika maktaba na barua ya askari mmoja wa mpakani ambaye hakuwamo katika filamu yoyote niliyoiona utotoni. Jina lake Silas Soule.

Soule alizaliwa mwaka 1838 katika mji wa Bath, jimbo la Maine. Baba yake alikuwa miongoni mwa watu wa kaskazini walioamini kwamba utumwa ni dhambi ya taifa, na mwaka 1854 alihamia Kansas, wakati eneo hilo lilipokuwa likigombaniwa kati ya wapinzani na watetezi wa utumwa. Nyumba yao, karibu na mji wa Lawrence, ilikuwa kituo kimojawapo cha mtandao wa siri wa kuwatorosha watumwa kuelekea kwenye uhuru. Kijana Silas alikua akiwasindikiza usiku watu ambao sheria ya nchi iliwaita mali ya wengine. Kwake, basi, tofauti kati ya sheria na haki ilikuwa kazi ya nyumbani, kama kukata kuni.

Mwaka 1859 alikuwa mmoja wa wanaume kumi waliovuka mto kwenda Missouri kumtoa gerezani Dakta John Doy, aliyefungwa kwa kosa la kuwasaidia watumwa kutoroka. Soule ndiye aliyeingia gerezani kwa kisingizio cha kumpelekea mfungwa ujumbe, kumbe anamjulisha ajiandae. Baada ya jaribio la John Brown la kuanzisha uasi wa watumwa huko Harpers Ferry kushindwa, Soule alisafiri hadi Virginia, akajifanya mlevi ili akamatwe, na akiwa ndani akazungumza na wafuasi wawili wa Brown waliokuwa wakisubiri kunyongwa. Hao walikataa kutoroshwa. Mwaka 1860 alikwenda Colorado kutafuta dhahabu kama maelfu ya wengine, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 akajiunga na kikosi cha kwanza cha Colorado, upande wa Serikali ya Muungano. Wanaomkumbuka husema alikuwa mcheshi, mpenda mizaha. Nalitaja hilo kwa sababu tuna mazoea ya kudhani kwamba wenye msimamo ni watu wakavu wasiocheka.

Kamanda mmojawapo wa kikosi hicho alikuwa John Chivington, mchungaji wa Kimethodisti, mtu wa kimo na sauti, aliyekataa kazi ya ukasisi wa jeshi akitaka kupigana. Yeye pia alikuwa adui wa utumwa. Mwezi Machi 1862, katika mapigano ya Glorieta Pass huko New Mexico, Chivington aliongoza askari kupitia milimani hadi nyuma ya adui na kuteketeza magari yake yote ya chakula na risasi. Kitendo hicho kilisaidia kuwazuia wanajeshi wa Kusini wasiifikie dhahabu ya Colorado. Soule alikuwa katika jeshi hilohilo. Watu hao wawili, ndugu msomaji, walikuwa upande mmoja katika suala kubwa kuliko yote ya wakati wao, na wote wawili walikuwa upande wa haki. Kumbuka hilo, maana tutalihitaji.

Tatizo lilikuwa ardhi. Kwa mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1851, Serikali ya Marekani iliyatambua maeneo mapana ya nyanda kuwa nchi ya Wacheyenne na Waarapaho. Mwaka 1858 dhahabu ikagunduliwa, na mwaka uliofuata watu kwa makumi ya maelfu wakamiminika. Mji wa Denver ukaota ndani ya nchi hiyohiyo iliyoahidiwa wengine. Mwaka 1861 machifu wachache walitia alama kwenye mkataba mpya uliowaachia sehemu ndogo tu ya nchi yao, na wengi wa watu wao walikataa kuutambua. Vijana wa Kicheyenne wakaanza kuvamia misafara na mashamba. Walowezi nao wakaua kila waliyemkuta. Mwezi Juni 1864 familia moja ya walowezi iliuawa karibu na Denver na miili yao ikawekwa hadharani mjini ili watu waitazame. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kusikia habari za Mhindi mpenda amani.

Wanafunzi wangu wanaotarajia kuingia ofisini nawaomba waangalie sasa jinsi karatasi zilivyotangulia bunduki. Tarehe 27 Juni 1864 Gavana John Evans alitoa tangazo akiwataka wenyeji wapenda amani wajisalimishe karibu na ngome za jeshi ambako wangelindwa. Tarehe 11 Agosti akatoa tangazo la pili, lililowaruhusu raia kuwasaka na kuwaua wenyeji walioitwa maadui na kujichukulia mali zao. Nani angetambua nyikani, kwa mbali, yupi ni adui na yupi ameitikia tangazo la kwanza? Wakati huohuo akaomba kibali cha kuandikisha kikosi cha watu wa kujitolea kwa siku 100. Kikosi kikapatikana, siku zikaanza kuhesabika, na vita havikuonekana. Magazeti yakaanza kuwakejeli askari hao kwamba hawajamwaga damu.

Katikati ya hali hiyo chifu Black Kettle wa Wacheyenne alituma barua ya kuomba amani. Meja Edward Wynkoop, mkuu wa ngome ya Fort Lyon, akaamua kuliamini neno lake. Akaondoka na askari wachache, Soule akiwa miongoni mwao, hadi kwenye kambi kubwa ya wapiganaji, akarudi na mateka wa kizungu waliokabidhiwa kwake. Tarehe 28 Septemba aliwafikisha machifu mbele ya Gavana Evans na Kanali Chivington katika kambi ya Camp Weld, Denver. Machifu waliondoka wakielewa kwamba wakijisalimisha Fort Lyon watakuwa chini ya ulinzi wa jeshi. Wakafanya hivyo. Wynkoop akaondolewa kazini mwezi Novemba kwa kuwaelekea mno wenyeji, na mahali pake akawekwa Meja Scott Anthony, ambaye aliwaagiza watu wa Black Kettle wapige kambi kwenye kijito cha Sand Creek, yapata kilomita 64 kutoka ngomeni. Walikaa huko kwa kufuata maelekezo ya Serikali.

Chivington alifika Fort Lyon tarehe 28 Novemba akiwa na kikosi chake cha siku 100, na siku hizo zilikuwa ukingoni. Soule alipotambua kinachokusudiwa alikwenda kwenye chumba cha maofisa akawaambia waziwazi kwamba yeyote atakayeshiriki, huku akijua ahadi waliyopewa watu wale, ni mwoga asiye na utu. Luteni Joseph Cramer naye alimkabili Chivington ana kwa ana, akamwambia kwamba kuwashambulia itakuwa kuvunja neno la jeshi. Chivington akawalaani wote wenye huruma na Wahindi. Meja Anthony akawatuliza maofisa kwamba Black Kettle na watu wake wataachwa salama. Usiku huo askari wapatao 700 walipanda farasi. Soule naye alipanda.

Alfajiri ya tarehe 29 Novemba 1864 waliikuta kambi ya watu wapatao 750, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Black Kettle alikuwa amesimamisha mbele ya hema lake bendera ya Marekani, aliyopewa na ofisa wa Serikali, na bendera nyeupe pamoja nayo. Aliwahi kuambiwa kwamba chini ya bendera hiyo hakuna askari atakayempiga. White Antelope, mzee aliyewahi kufika Washington kuonana na wakubwa wa nchi, alisimama bila silaha, mikono ameikunja kifuani, hadi risasi zilipomwangusha. Mashambulizi yaliendelea kwa saa nyingi, pamoja na mizinga, dhidi ya watu waliokuwa wakichimba mashimo ya mchanga kando ya kijito kwa mikono ili wajifiche. Wapatao 230 waliuawa. Baadaye askari waliikatakata miili na kubeba vipande kama kumbukumbu. Vingine vilionyeshwa Denver mbele ya watu walioshangilia. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Soule aliwaamuru askari wake wasifyatue risasi. Luteni Cramer akawazuia wake. Kikosi cha Soule kilisogea kandokando ya kijito, bunduki zao kimya, huku wengine wakiua pande zote mbili.

Katika taarifa yake kwa wakubwa Chivington aliandika kwamba amepigana vita vikali na kuua mashujaa kati ya 400 na 500. Denver ikawapokea askari kama washindi, na gazeti kubwa la mji likasifu vita hivyo kuwa miongoni mwa matendo ya kishujaa ya kijeshi. Kama mambo yangeishia hapo, leo Sand Creek ingekuwa jina la ushindi mdogo katika orodha ndefu, na huenda mimi na kaka yangu tungeushangilia katika ukumbi wa video.

Hayakuishia hapo kwa sababu ya barua mbili. Tarehe 14 Desemba Soule alimwandikia Wynkoop yale aliyoyaona: waliouawa, namna walivyouawa, nani alikuwepo, nani alisema nini usiku wa kuamkia siku ile. Siku tano baadaye Cramer akaandika yake. Zilikuwa za watu wenye hasira, zenye makosa ya tahajia, lakini zilitaja vyeo, majina na mahali. Wynkoop akazifikisha kwa wakubwa. Habari zikafika Washington. Kabla mwaka haujageuka Soule alitumwa pamoja na ofisa mkaguzi kurudi Sand Creek, na siku kuu ya mwaka mpya wa 1865 ilimkuta katika shughuli ya kuhesabu maiti kwenye baridi. Walizikuta 69 zikiwa bado zimelala pale, mwezi mmoja baadaye. Nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba hesabu ni sehemu ya maadili. Hapa ndipo nilipojifunza hilo.

Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi kwa kamati mbili, na jeshi likaunda tume yake huko Denver. Shahidi wa kwanza mbele ya tume ya jeshi, Februari 1865, alikuwa Kapteni Soule. Chivington mwenyewe aliruhusiwa kumhoji. Soule hakuyumba. Alijua gharama yake; aliwaambia marafiki kwamba hatarajii kuachwa hai. Tarehe 1 Aprili alioa. Tarehe 23 Aprili, usiku, akiwa mkuu wa askari polisi wa jeshi mjini Denver, alisikia risasi zikilia mtaani akatoka kwenda kutazama. Askari aitwaye Charles Squier alikuwa akimsubiri. Soule alikufa papo hapo, akiwa na umri wa miaka 26 na ndoa ya wiki tatu. Squier alikimbilia New Mexico, akakamatwa, akarudishwa Denver, akatoroka. Hakuhukumiwa kamwe. Ofisa aliyemkamata alikutwa amekufa hotelini muda mfupi baadaye.

Chivington naye hakuhukumiwa. Alikuwa ameshaacha jeshi, hivyo mahakama ya kijeshi haikumpata, na mahakama ya kiraia haikumgusa. Kamati ya Bunge ilimlaani kwa maneno makali, Gavana Evans akalazimika kujiuzulu, lakini hakuna aliyelala gerezani hata usiku mmoja. Mkataba wa Oktoba 1865 uliahidi fidia kwa walionusurika. Fidia hiyo haikulipwa. Black Kettle, aliyeponea chupuchupu, aliendelea kutafuta amani. Tarehe 27 Novemba 1868 aliuawa pamoja na mkewe kwenye mto Washita, katika shambulio la alfajiri la kikosi cha Custer.

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi: kukataa kwako kunamsaidia nani? Siku ile ya Novemba, nadhani tukiri bila kujidanganya, kulimsaidia mtu mmoja mmoja. Ukimya wa bunduki za vikosi viwili uliacha upenyo ambao huenda baadhi ya watu waliutumia kutoroka, lakini kijiji hakikuokoka. Zaidi ya hayo, Soule alipanda farasi usiku ule pamoja na wauaji. Angeweza kubaki ngomeni akashtakiwa kwa kuasi. Simtaji hapa kama malaika.

Wapo wengine wa mpakani ambao maisha yao yanatuzuia kugawa watu kirahisi. James Beckwourth, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Virginia, akapata uhuru na kuwa mmoja wa wawindaji mashuhuri wa milimani, akaishi miaka mingi miongoni mwa Wakrowu, ndiye aliyekuwa mmojawapo wa waongozaji njia wa Chivington. Mtoto wa mtumwa aliwaongoza wapinga utumwa kwenda kuua. Baadaye alitoa ushahidi juu ya aliyoyaona, akawaendea Wacheyenne kuwasihi warudi kwenye amani, nao wakamuuliza kama amewaletea tena wazungu wamalizie kazi. Kit Carson, mpelelezi mashuhuri kuliko wote, alimlaani Chivington vikali. Lakini mwaka huohuo wa 1864 yeye mwenyewe alikuwa ameongoza kampeni iliyochoma mashamba ya Wanavajo na kuwalazimisha kutembea mamia ya kilomita kwenda uhamishoni. Na Chivington, kama nilivyosema, alikuwa adui wa utumwa. Mtu aweza kuona dhuluma moja kwa macho makali kabisa na asiione nyingine iliyo mbele ya pua yake. Wanaharakati wenzangu, hili linatuhusu zaidi kuliko tunavyopenda.

Jibu la swali limo katika miaka iliyofuata. Nakala za barua za Soule na Cramer zilitoweka machoni pa watu kwa muda mrefu, kisha zikaibuka tena mwaka 2000, zikiwa ndani ya sanduku la makaratasi ya zamani huko Colorado. Wakati huo Bunge la Marekani lilikuwa likijadili muswada wa Seneta Ben Nighthorse Campbell, mwenyewe Mcheyenne, wa kulifanya eneo la Sand Creek kuwa eneo la kihistoria la taifa. Walikuwepo ambao bado walisema pale palipiganwa vita. Barua zilisomwa mbele ya wabunge, na sheria ikapita mwaka huohuo. Eneo lilifunguliwa rasmi mwaka 2007, likibeba katika jina lake neno "mauaji" badala ya "vita". Mwaka 2014 gavana wa Colorado aliwaomba radhi wazao wa waliouawa. Vyuo vikuu viwili ambavyo Evans alishiriki kuvianzisha, Northwestern na kile cha Denver, viliunda kamati za wanazuoni kuchunguza dhima ya mwasisi wao na kuchapisha matokeo. Matangazo yale ya mwaka 1864 yalifutwa rasmi mwaka 2021. Kwa miaka 157 hakuna aliyekuwa amejisumbua kuyaondoa vitabuni. Mwaka 2023 mlima uliobeba jina la Evans ukapewa jina jingine. Na kila mwaka vijana wa Kicheyenne na Kiarapaho hukimbia mbio za kumbukumbu kutoka Sand Creek hadi Denver, na wakifika mjini husimama kwenye kaburi la Silas Soule.

Wazao wa waliouawa ndio wanaomkumbuka. Wao ndio wenye haki ya kusema kukataa kwake kulimsaidia nani, nao wamekwisha kusema.

Limebaki lile jambo langu. Kabla sijawa mwalimu wa chuo kikuu niliajiriwa kwa muda katika ofisi moja ya Serikali, katika wilaya ambayo sitaitaja. Nilikuwa kijana, mwandishi wa mihtasari. Asubuhi moja tulikwenda kwenye kitongoji kilichokuwa kimeamriwa kihame, na nyumba zikachomwa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nilizihesabu kwa uaminifu na kuandika katika daftari langu dogo. Mama mmoja mtu mzima aliniita "mwanangu" akaniomba nimsaidie kumtolea mtungi wake wa maji kabla paa halijaanguka. Nilimsaidia kuutoa. Kisha nikaendelea kuhesabu.

Jioni mkuu wangu, mtu mpole aliyekuwa akinitendea vyema, alisoma rasimu akaweka kalamu chini. "Kijana," akasema, "hivi vilikuwa vibanda vichache vya muda vya wavamizi. Andika hivyo, kisha saini." Hakunitisha. Hakupandisha sauti. Nikaandika hivyo, nikasaini. Nilijiambia kwamba nyumba zimeshaungua, na kubadilisha maneno hakuwezi kuzirudisha. Ni hoja ileile ya mwanafunzi wangu, na ndiyo sababu nilikimbia kuijibu darasani. Miaka michache baadaye nilisikia kwamba watu wa kitongoji kile walidai haki zao na wakaambiwa kwamba kumbukumbu za ofisi zinaonyesha vibanda vichache vya wavamizi. Karatasi iliyowashinda ilikuwa na saini yangu.

Wakati wa kitendo chenyewe mtumishi mdogo mara nyingi hana nguvu, na siwezi kumwambia kijana wa mwaka wa tatu kwamba anayo. Ila taarifa itakayoandikwa kesho yake imo mikononi mwake, walau nusu saa moja kabla ya kupelekwa mbele. Dhuluma hufanyika mara mbili: inapotendwa, na inapoandikwa kwa jina lingine. Ya kwanza Soule hakuweza kuizuia. Ya pili aliizuia, kwa uhai wake. Mimi ya pili niliitenda kwa mkono wangu, na gharama ya kukataa ingekuwa ndogo mno ikilinganishwa na yake: labda uhamisho, labda mkataba usiohuishwa.

Wiki ijayo nitamwambia mwanafunzi wangu haya yote. Nitamwambia pia mambo ya vitendo, kwa kuwa vijana wanastahili zaidi ya masikitiko ya wazee: andika siku hiyohiyo kabla kumbukumbu haijafunikwa na hofu, taja tarehe, mahali na idadi, taja uliyoyaona kwa macho peke yake, weka nakala kwa mtu unayemwamini, tafuta mwenzako mmoja aandike yake, maana barua mbili ni ngumu kuzizima kuliko moja.

Daftari langu dogo ninalo bado. Limehama nami nyumba saba. Nyumba zilizochomwa asubuhi ile zilikuwa 41. Hazikuwa vibanda, nyingi zilikuwa na kuta za udongo zilizosilibwa vizuri na milango ya mbao, na katika ua wa tatu palikuwa na mwembe mkubwa uliokuwa ukizaa. Wenyewe wakinihitaji nitoe ushahidi, nitakwenda.